Ameteleza, akaniapisha nisiseme

Swali: Shikamoo Mama. Huu ni mwaka wangu wa tatu tangu niache heroini, na kliniki ya methadoni (dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya heroini) iliyonisaidia imeniajiri kama msaidizi rika, yaani aliyepitia hayo akawasaidia wenzake. Kati ya wateja wangu yumo mmoja ambaye zamani tulitumia pamoja. Yeye hupewa dozi za kwenda nazo nyumbani. Jana amekiri kwamba siku nne hakuzinywa, aliziuza, akarudia unga. Keshokutwa anatakiwa kliniki. Ameniapisha nisimwambie nesi, nami nikakubali. Usiku nimeota natumia, nikaamka nimelowa jasho. Nikisema nitaitwa msaliti. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba mwanangu. Nianze na mwenzio, maana lake halingoji, lako nitalifikia.

Mtu aliyekaa siku nne bila methadoni, mwili wake umeanza kupoteza ule uzoefu wa dozi. Nesi asipojua, keshokutwa atampimia kipimo kilekile kikubwa, juu ya unga ambao huenda bado umo mwilini. Methadoni nayo haina haraka. Hukaa mwilini zaidi ya siku nzima, kwa hiyo mtu anaweza kutoka kliniki anatembea vizuri, anapiga soga, kisha akajilaza mchana na pumzi ikafifia usingizini. Ndiyo maana aliyekosa siku tatu mfululizo au zaidi kwa kawaida hupunguziwa dozi, halafu hupandishwa taratibu. Ulichoapishwa kukificha kinagusa kipimo cha dawa, na mwenye kupima hajui. Kiapo cha namna hiyo hakikufungi.

Ila usimzunguke. Mtafute leo, mkae mahali pasipo na watu, umwambie hivi: "Jana nilikubali kunyamaza. Nimefikiri, siwezi, kwa sababu dozi ya keshokutwa inaweza kukuua. Twende wote kwa nesi. Utasema mwenyewe, mimi nitakaa pembeni yako. Ukikataa nitasema mimi, na ndiyo hivi nakuambia kabla." Atakutukana, pengine atakukumbusha mliyofanya zamani. Mwache amalize. Kisha atakuuliza kama atanyang'anywa dozi za nyumbani. Usimpe ahadi usiyo na mamlaka nayo. Huenda kwa muda akarudishwa kunywa mbele ya nesi kila siku. Mwambie ajiandae kwa hilo.

Kabla hamjaachana, muulize maswali ya mtu mzima: anatumia akiwa na nani? Anachanganya na pombe au vidonge vya usingizi? Nyumbani kuna naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidiwa na unga, na anayeishi naye anajua kuitumia? Mwambie waziwazi kwamba kutumia akiwa peke yake, mlango umefungwa, ndiko kunakoua wengi, kwa kuwa hakuna wa kumwona midomo ikigeuka rangi au kumsikia akikoroma kwa mkwaruzo huku haamki. Naloksoni hufanya kazi kwa muda mfupi, nusu saa hadi saa moja na nusu hivi, na dawa iliyomzidi inaweza kumlaza tena. Anayempa aite msaada wa hospitali na asimwache. Wapo watakaokulaumu kwamba kumweleza mtu haya ni kumruhusu atumie. Mimi lawama hiyo nimeishaizoea.

Kwa mteja mwingine yeyote, mpaka wa siri utajwe siku ya kwanza, kabla hajafungua mdomo: yako nayatunza, ila linalohatarisha uhai wako au wa mwingine sitakaa nalo peke yangu, na nitakuambia kabla sijalisema.

Sasa wewe. Ndoto za kutumia huwajia watu wengi walioacha, hata baada ya miaka, na kuota si kurudia. Ila angalia ilikuja lini: usiku wa siku uliyokaa na mtu mliyetumia naye, akikusimulia unga. Sura yake, sauti yake, hata namna anavyojikuna, vyote ubongo wako ulivifunga pamoja na dawa. Mwombe msimamizi wako mteja huyu ahamishiwe kwa mwenzako, ukishamsindikiza kwa nesi. Sababu ni moja tu, tulitumia pamoja, nayo inatosha. Kliniki yenye akili haitakuhoji zaidi. Na ndoto hiyo isimulie kwa mtu wako, yule unayemtegemea wewe, si kwa mteja. Nimewaona wasaidizi wapya wakisimulia kisa chao kwa mteja mpaka mteja ndiye anayewabembeleza.

Watu hupenda kutukumbusha mwaka 1935, pale Bill Wilson, mlevi aliyekuwa ameacha miezi michache tu, alipoingiwa na hamu ya kunywa akiwa hotelini Akron, Marekani, akapiga simu huku na huku akitafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Akakutanishwa na Daktari Bob Smith, na hapo ndipo chama cha Alcoholics Anonymous kilipoanzia. Ni kweli, kumsaidia mwenzio hukushikilia na wewe. Lakini Wilson hakuwa na mshahara, msimamizi wala faili la mteja. Wewe unavyo. Saa za kazi ni za wateja, kwa hiyo kikundi chako cha walioacha uende baada ya kazi, ukae kiti cha nyuma, na pale usiwe mhudumu wa mtu.

Swali: Mama, mume wangu amekunywa pombe kali kila siku kwa miaka. Ameamua kuacha leo, hapahapa nyumbani. Jirani aliyeacha heroini anamsaidia, anasema arosto, yaani hali ya mwili unapokosa ulichozoea, inatesa tu, haiui. Tangu mchana mikono inamtetemeka.

Jibu: Mwanangu, acha kusoma, mpeleke hospitali sasa hivi. Jirani anasema aliyoyaona kwa heroini, na hapo ana sehemu ya ukweli, ingawa hata huko kutapika na kuhara kunaweza kumkausha mtu maji hadi hatarini. Pombe ni nyingine kabisa. Mnywaji wa kila siku akikata ghafla, degedege linaweza kumshika ndani ya siku mbili za kwanza, na kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa, akaona visivyokuwepo, na akafa. Vidonge vya usingizi vya jamii ya diazepamu ni vivyo hivyo. Hospitali wana dawa za kumvusha salama, pamoja na vitamini B1. Waambie anakunywa kiasi gani, alikunywa mara ya mwisho saa ngapi, na kama aliwahi kuanguka degedege. Jirani naye aje, akae naye huko wodini.