Mbona Waingereza wamenuna? Maswali yenu kuhusu mwaka wa kwanza wa Starmer

Mwezi wa Julai 2025 serikali ya chama cha Labour chini ya Waziri Mkuu Keir Starmer ilitimiza mwaka mmoja madarakani Uingereza. Tangu uchaguzi wa Julai 2024 mmeniletea maswali mengi, mengine kutoka nyumbani, mengine kutoka kwenu mnaoishi huku. Ninaishi Leicester na nimefanya kazi ya kea, yaani kulea wazee majumbani, kwa miaka tisa. Baadhi ya majibu yangu yanatoka kwenye majumba hayo.

Shikamoo mama. Labour walishinda kwa kishindo mwaka 2024. Inakuwaje ndani ya mwaka mmoja watu wawe wameshawachoka? (Msomaji, Mbeya)

Marahaba mwanangu. Viti vilikuwa vya kishindo, kura zilikuwa haba. Katika uchaguzi wa Julai 4, 2024 Labour ilichukua viti 411 kati ya 650, ukimwacha Spika. Lakini kura zake zilikuwa asilimia 33.7 ya zilizopigwa, na waliojitokeza walikuwa kama asilimia 60 ya walioandikishwa. Chukua wapiga kura watano, uwapange mstari: mmoja aliichagua Labour, wawili walichagua vyama vingine, wawili hawakutoka nyumbani.

Mfumo wenyewe unaujua, ndio uleule tunaowapatia wabunge wetu: mwenye kura nyingi jimboni anachukua, hata asipofika nusu. Mwaka 2024 kura za mrengo wa kulia ziligawanyika kati ya Conservative, chama kilichokuwa madarakani, na chama cha Nigel Farage, Reform UK, Labour ikapita katikati. Reform walipata kura zaidi ya milioni 4 wakaambulia viti 5. Liberal Democrats walipata kama milioni 3.5 wakaondoka na viti 72. Starmer mwenyewe alipata kura milioni 9.7, pungufu ya milioni 10.3 alizopata Jeremy Corbyn, kiongozi wa Labour kabla yake, mwaka 2019, uchaguzi ambao Labour iligaragazwa. Tony Blair, naye wa Labour, mwaka 1997 aliingia na asilimia 43. Alikuwa na akiba ya kutosha hata alipokosea mapema.

Nakumbuka foleni ya siku ile katika shule ya msingi ya mtaani kwetu. Walio mbele yangu walizungumzia daktari wa meno asiyepatikana na bili ya umeme. Jina la Starmer sikulisikia hata mara moja. Watu walikwenda kuwatoa Conservative waliokaa miaka 14, na aliyekuwepo mlangoni wakati huo ndiye aliyeingia. Hata hivyo kuna waliokuwa wameshavunjika moyo kabla. Hapa hapa Leicester Kusini, Jonathan Ashworth, mtu aliyetarajiwa kuwa waziri, aliangushwa usiku huo na mgombea huru, Shockat Adam, kwa sababu ya msimamo wa chama kuhusu Gaza. Watu wa London waliuona ule usiku kama sherehe. Sisi huku tulikuwa tumeshaona ufa.

Dada, na mimi nalea wazee, niko Coventry. Bibi ninayemhudumia ananiuliza kila nikiingia kama pesa zake za joto zitarudi. Nimjibu nini?

Mwambie zitarudi, na asijaze fomu yoyote. Kuanzia msimu wa baridi wa 2025/26 wastaafu wa England na Wales wanalipwa bila kuomba, na mwenye kipato cha zaidi ya pauni 35,000 kwa mwaka ndiye anayekatwa baadaye kupitia kodi. Ujumbe wowote wa simu unaomtaka aweke namba za benki ili apate pesa hizo ni wa matapeli. Ufute wewe mwenyewe, kabla hajaubonyeza.

Sasa niwaeleze na wengine, maana ukitaka kujua serikali hii ilipoteza watu wapi, anzia hapa. Pesa hizo ni pauni 200 kwa mwaka, au 300 kwa kaya yenye mtu wa miaka 80 na zaidi, za kusaidia kupasha nyumba joto. Kila mstaafu alikuwa akizipata. Julai 29, 2024, hata mwezi haujaisha tangu waingie, Waziri wa Fedha Rachel Reeves alitangaza kwamba amekuta pengo la pauni bilioni 22 katika hesabu za serikali, na kwamba pesa za joto zitabaki kwa wastaafu wanaopokea Pension Credit, nyongeza ya wenye kipato kidogo kabisa, au posho nyingine za namna hiyo. Wapokeaji wakashushwa kutoka zaidi ya milioni 11 hadi kama milioni moja na nusu. Kwenye ilani ya uchaguzi neno hilo halikuwemo.

Angalia mstari wenyewe ulipochorwa. Mstaafu anayeishi peke yake alistahili Pension Credit ikiwa kipato chake hakizidi pauni 218.15 kwa wiki. Pensheni mpya kamili ya serikali mwaka huo ilikuwa pauni 221.20. Jirani yangu, mama wa miaka 70 aliyefanya kazi maisha yake yote kiwandani, alikuwa na pensheni hiyo na hana kingine. Alizidi kwa pauni tatu na senti tano, akakosa pauni 200.

Januari nilimpelekea supu. Nilimkuta jikoni amevaa koti la kutokea nje, kofia ya sufi, na soksi mbili mbili. Mita yake ya gesi ni ya kulipia kabla, kama LUKU kwa Watanzania au tokeni kwa Wakenya. Alikuwa ameweka pauni 10 na kuhamishia kiti mahali anapoweza kuiona namba ikishuka. Hita aliiwasha saa kumi na mbili jioni, akaizima saa moja, saa mbili akawa kitandani. Dirishani ndani kulikuwa na maji yanayotiririka, na nyuma ya kabati ukuta umeota ukungu mweusi. Kura yake ya kwanza, mwaka 1974, aliipa Labour, na zote zilizofuata. Aliniambia ile ya 2024 ilikuwa ya mwisho. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeeleza kifo cha ndugu.

Kilichozidisha uchungu ni kwamba wiki zilezile za Septemba, wabunge wakipitisha uamuzi huo kwa kura 348 dhidi ya 228, magazeti yalijaa habari za nguo za kazi na miwani ambayo Starmer alipewa na mfadhili wa chama, Lord Alli. Haikuwa kinyume cha sheria, na baadaye alirudisha zaidi ya pauni 6,000 za zawadi mbalimbali. Lakini mtu aliyeambiwa afunge mkanda humtazama kiunoni anayemwambia. Juni 2025 serikali ikageuka, ikasema kama wastaafu milioni 9 watarudishiwa. Baridi ya 2024/25 hairudi.

Watu si wasaini tu uchaguzi urudiwe? (Msomaji, Muscat)

Walisaini. Mwishoni mwa 2024 ombi la kutaka uchaguzi mpya lilikusanya karibu saini milioni 3, Bunge likalijadili Januari 6, 2025, na likaishia hapo. Saini hazilazimishi uchaguzi. Unaofuata si lazima ufanyike kabla ya Agosti 2029. Kinachoweza kutokea mapema ni chama kumbadilisha kiongozi wake chenyewe, kama Conservative walivyokuwa na mawaziri wakuu watatu ndani ya mwaka 2022 bila mwananchi kuulizwa.

Ilani yao ilisema hawatawapandishia kodi wafanyakazi. Walidanganya? (Mwanafunzi, Nairobi)

Waliahidi kutopandisha kodi ya mapato, VAT, wala mchango wa Bima ya Taifa, yaani makato ya mshahara ya pensheni na posho, kwa watu wa kazi. Katika bajeti ya Oktoba 30, 2024 walipandisha mchango wa Bima ya Taifa unaolipwa na mwajiri, kutoka asilimia 13.8 hadi 15, na kuanza kuutoza kwenye mshahara wa pauni 5,000 kwa mwaka badala ya 9,100. Kwenye hati ya mshahara wako hakuna kilichobadilika, kwa hiyo wao husema ahadi imetimizwa. Mimi nasema wameiheshimu herufi. Mwajiri aliyeongezewa gharama hupunguza saa, na wa kwanza kupunguziwa ni wale wa mishahara midogo na saa chache, ambao zamani mwajiri alilipa kidogo sana kwa ajili yao. Katika kazi yetu ya kea wengi ni wa namna hiyo. Wangesema kabla ya kura kwamba hospitali na shule zinahitaji pesa na kodi itapanda, nadhani wangeshinda bado, na leo wangekuwa na haki ya kuomba subira.

Mama, niko Luton kwa viza ya kea, mwaka wa tatu sasa. Nasikia miaka mitano ya kupata ukaazi imekuwa kumi. Nimeacha watoto kwa bibi yao Kisumu. Nifanye nini?

Pole sana mwanangu. Nikutenganishie kilichokwisha pita na kinachopendekezwa. Kilichopita: tangu Julai 22, 2025 waajiri hawawezi tena kuleta walezi wapya kutoka nje. Wewe uliyeko ndani unaweza kuongeza viza au kubadilisha mwajiri, dirisha hilo likiachwa hadi Julai 2028. Kinachopendekezwa: waraka wa serikali wa Mei 12, 2025 unataka muda wa kuomba ukaazi wa kudumu uwe miaka kumi kwa wengi. Hadi Julai 2025 ilikuwa bado miaka mitano, na serikali ilisema itakusanya maoni kwanza. Weka hati zako zote za mshahara na barua za mwajiri mahali pamoja. Ushauri wa viza utafute kwa mshauri aliyesajiliwa, usiutoe WhatsApp.

Siku ule waraka ulipotoka, Starmer alisema nchi iko hatarini kuwa kisiwa cha watu wasiojuana. Mwezi uliofuata alisema anajutia maneno hayo. Mimi siku ile nilikuwa nimemwogesha mzee mmoja asubuhi, nikamkata kucha, nikamsomea barua ya mwanawe aliyeko Australia. Tunajuana sana. Kujuta kwake nimekupokea, lakini sera ilibaki vilevile, na wale waliokuwa wakitaka maneno makali walikuwa wameshamhama. Siku chache kabla ya waraka, Mei 1, katika uchaguzi mdogo wa Runcorn and Helsby, Reform walilichukua jimbo ambalo Labour ililishinda kwa zaidi ya kura 14,000 mwaka uliotangulia. Tofauti ilikuwa kura sita.

Je, sisi wa Afrika Mashariki tumeathirikaje na serikali hii? (Msomaji, Kampala)

Kwa mambo mawili makubwa. La kwanza nalisifu: siku ya kwanza tu Starmer aliuzika mpango wa kuwapeleka Rwanda waomba hifadhi. Serikali mpya ilisema ulikuwa umeshakula pauni milioni 700, na waliokwenda walikuwa watu wanne, tena kwa hiari yao.

La pili linaniuma. Ilani iliahidi kurudisha misaada ya nje kwenye asilimia 0.7 ya pato la taifa hali ya fedha ikiruhusu. Februari 25, 2025 Starmer akatangaza itashushwa kutoka 0.5 hadi 0.3 ifikapo 2027, pesa ziende kwenye ulinzi. Waziri wa Maendeleo, Anneliese Dodds, alijiuzulu siku tatu baadaye. Uamuzi huo ulikuja wiki chache baada ya Marekani kusimamisha misaada yake, kwa hiyo kliniki inayotegemea mifuko yote miwili inabanwa pande mbili kwa mpigo. Wanaoumia hawapigi kura Uingereza, na ndiyo maana kelele zilikuwa chache.

Hakuna hata jema moja? (Msomaji, Unguja)

Yapo, ndugu yangu. Kima cha chini cha mshahara kilipanda Aprili 2025 hadi pauni 12.21 kwa saa, na hilo nililiona mfukoni. Foleni ya matibabu ya hospitali ilipungua kidogo, ingawa katikati ya 2025 ilikuwa bado imezidi watu milioni 7. Baadhi ya treni zimeanza kurudi mikononi mwa umma. Muswada wa kuzuia mwenye nyumba kumtoa mpangaji bila sababu ulipita kuwa sheria Oktoba 2025. Tatizo ni kwamba mema yanakuja polepole na machungu yalitangulia. Wabunge saba wa Labour walisimamishwa Julai 2024 kwa kupiga kura dhidi ya kikomo cha posho ya watoto, kinachowalipia wazazi watoto wawili tu, na mwaka mmoja baadaye kikomo hicho kilikuwa bado kipo. Julai 1, 2025 wabunge wao 49 waliukataa muswada wa kupunguza posho za walemavu, hata baada ya serikali kuunyofoa sehemu kubwa dakika za mwisho. Chama kinachopigana na nafsi yake kuhusu mtoto maskini na mlemavu kinawaacha watu wakijiuliza kilitaka madaraka kwa ajili ya nini.

Mimi ni Mkenya, sina pasipoti ya Uingereza. Haya yote yananihusu vipi, wakati siwezi kupiga kura? (Msomaji, Milton Keynes)

Unaweza! Nimelirudia hili mpaka sauti imekauka. Mkenya, Mtanzania, Mganda na Mnyarwanda ni raia wa Jumuiya ya Madola. Ukiwa unaishi Uingereza kwa kibali halali na umefikisha miaka 18, una haki ya kupiga kura, hata ya kumchagua mbunge. Mrundi na Mkongomani hawana haki hiyo kwa Bunge la London, lakini wakiwa Scotland au Wales na kibali halali, wanachagua mabaraza na mabunge ya huko.

Jiandikishe kwenye tovuti ya serikali, ni kazi ya dakika chache, uwe na namba yako ya Bima ya Taifa mkononi. Kwa kura ya mbunge na ya mabaraza ya England, kituoni utaombwa kitambulisho chenye picha, na pasipoti ya Kenya inakubalika. Uchaguzi wa mabaraza ya London na wa mabunge ya Scotland na Wales ulipangwa kufanyika Mei 2026. Mwisho wa kujiandikisha ni siku 12 za kazi kabla ya kura, kwa hiyo usingoje dakika za mwisho.