Re: Mtaa mwembamba, lazima tubomoe ndio upendeze?

Buda umeuliza kama vimtaa vya mjini vinaweza kutengenezwa bila kubomoa majengo, mimi nasema inawezekana, cheki tu Luthuli Avenue hapo Nairobi. Kabla ya 2019 kupita pale ilikuwa vita, matatu zimejazana, makanga wanapiga kelele, na wewe umebeba tivii yako mpya unajibanza ukutani kioo cha gari kisikugonge bega. Kaunti na UN-Habitat (shirika la UN la makazi) wakaamua matatu zitoke, gari zielekee upande mmoja tu, njia ya wapita miguu ikapanuliwa, wakaweka viti na miti. Majengo ni yale yale ya kitambo.

Nilidhani wenye maduka ya spika wataumia juu gari zimepungua lakini wateja wengi wa pale wanakuja na miguu bana, na mtu akitembea polepole ndio anaangalia dirishani, akikwepa matatu ataona nini?

Sasa si ati kila kitu ni poa, nafasi ikipatikana tu boda wanapaki hapo, mwenye soksi naye anatandika gunia, unajikuta tena unatembea kwa lami (na soksi zenyewe nanunua, siwezi jifanya). Kwa hivyo huo mtaa wenu, kabla hamjaitisha kabro (yale matofali ya kutandaza njia), kubalianeni kwanza lori za mzigo zinashusha saa ngapi, wachuuzi wanakaa wapi na nani anazibua mtaro. Mnaweza hata anza na madramu mbili Jumapili moja mfunge gari, muone nani atalalamika.