Reiki kwa mgonjwa wa saratani: maswali na majibu

Reiki inaponya saratani?

Hapana. Reiki, yaani kuwekewa mikono mwilini na mtoa huduma, haipunguzi uvimbe wala haiuzuii kusambaa. Mikao Usui aliianzisha Japani mwaka 1922, na wanaoifundisha husema mikono hupitisha nguvu ya uhai. Kuwapo kwa nguvu hiyo hakujathibitishwa. Wanachosimulia wagonjwa ni kwamba hofu hupungua na usingizi huja. Katika baadhi ya tafiti, hata walioguswa na mtu aliyeigiza tu walipata nafuu ya namna hiyo. Si sababu ya kuidharau, maana saa nzima ya kulala kimya bila sindano si haba. Ila ni sababu ya kutoilipia ghali.

Kikao kinakuwaje?

Unavua viatu tu, unalala chali. Mikono huwekwa kichwani, mabegani, tumboni hadi miguuni, dakika 3 hadi 5 kila mahali, bila kukanda. Ukichoka upesi, omba dakika 20. Mwenye maji tumboni au mapafuni hubanwa pumzi akilala chali. Aegemee mito au aketi kitini.

Nimewekewa poti kifuani, kifaa kidogo chini ya ngozi cha kupitishia dawa. Mtoa huduma aiguse?

Asiiguse. Ashikilie viganja juu yake, sentimita chache kutoka mwilini. Reiki inaruhusu hivyo, kwa hiyo anayeng'ang'ania kugusa hajui kazi yake. Vivyo hivyo kwenye kidonda cha upasuaji, ngozi iliyopigwa mionzi na mkono uliovimba baada ya kuondolewa tezi za kwapa. Mfupa ulioingiwa na saratani unaweza kuvunjika kwa uzito mdogo, na chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zikishuka, mgandamizo kidogo tu huvilisha damu chini ya ngozi. Mara nyingi hakuna aliyekusudia kukandamiza: mtoa huduma huinama, mgongo unachoka, viganja vinaanza kubeba uzito wa mabega yake. Ukihisi hivyo, sema palepale.

Baada ya dripu ya kemo, dawa kali za saratani, niende lini?

Muulize daktari wako. Kwa dawa nyingi, chembe nyeupe za damu, zinazokinga mwili, hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14, na wakati huo mtoa huduma mwenye mafua asikukaribie. Anawe mikono mbele ya macho yako. Udi na mafuta ya kunukia asitumie kabisa, vinaweza kukutapisha. Joto la mwili likifika nyuzi 38, ni hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana.

Mtoa huduma ameniambia nisimamishe dawa za hospitali kwanza.

Ondoka. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2018 ulikuta waliotumia tiba za nyongeza pamoja na za hospitali wakiwa na hatari ya kufa takriban mara mbili ya wenzao, kwa kuwa walikuwa wepesi zaidi kukataa sehemu ya matibabu ya hospitali.

Nitamjuaje aliye mzuri?

Cheti hakitoshi, ngazi ya kwanza hufundishwa kwa siku moja au mbili. Sikiliza anakuuliza nini kabla hujalala: umefanyiwa upasuaji wapi, damu yako imepimwa lini, unaumwa upande gani. Asipouliza, vaa viatu vyako.