Jibu: Rangi ya mimea huonyesha asidi kweli, ila usiidai namba

Mkuu, umeuliza mambo matatu: kwa nini maji ya kabichi ya zambarau yaligeuka bluu ulipoyatia kwenye maji ya bomba, kwa nini bitiruti haikubadilika hata kwenye siki, na kama unaweza kusoma pH (namba ya kipimo cha asidi: chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni besi, yaani kinyume cha asidi) kwa rangi hizo. Mchezo huu nimeucheza kwa miaka na nimechafua vikombe vya kutosha, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona mwenyewe.

Nianze na bitiruti, maana ilinila wikiendi nzima. Nilidhani wekundu wa mimea wote ni kitu kimoja. Siyo. Kabichi ya zambarau, rozela, zabibu nyeusi na maua mengi mekundu na ya bluu hupata rangi kutokana na anthosianini. Molekuli hiyo hupokea au kuachia ioni za hidrojeni kulingana na asidi iliyopo, na kila ikifanya hivyo umbo lake hubadilika, na rangi nayo. Rangi ya bitiruti ni betalaini, ukoo mwingine kabisa. Kwenye siki ni nyekundu, kwenye maji ni nyekundu, na itageuka njano tu ukiitia kwenye besi kali. Bogenvilia nayo ni ya ukoo huo huo. Hilo nililijua baada ya kuchuma ndoo nzima.

Sasa hayo maji ya bomba. Maji mengi ya bomba yana baikabonati za kalsiamu na magnesiamu, kwa hiyo huelemea kidogo upande wa besi, na kabichi huonyesha bluu hapo hapo. Haina maana kwamba maji ni mabaya, wala kwamba ni salama. Rangi haioni vijidudu. Kabla hujayalaumu, niambie ulichemshia kwenye nini. Mimi niliwahi kuchemshia kwenye sufuria ya alumini, supu yote ikatoka ya bluu kabla sijatia chochote. Alumini na chuma hushikana na anthosianini na kuivuta kwenye bluu. Siku hizi sichemshi: nakatakata majani, natia kwenye chupa ya kioo, namwagia maji ya moto yaliyochujwa kwa mvuke, nangoja robo saa, nachuja.

Kuhusu namba, hapo ndipo watu wengi hupotea. Skeli ya pH aliileta mkemia Søren Sørensen mwaka 1909 kule Copenhagen, na kila hatua moja ya namba ni tofauti ya mara 10 katika asidi. Jicho likikosea hatua moja kati ya zambarau na bluu, umekosea mara 10. Mwanasayansi Robert Boyle aliandika mwaka 1664 kwamba sharubati ya maua ya vayoleti huwa nyekundu kwenye asidi na kijani kwenye alkali (ndiyo besi), na hakuwa na namba yoyote; alikuwa akitenganisha makundi. Nawe fanya hivyo hivyo. Panga ngazi ya vitu unavyovijua: siki, maji yaliyochujwa kwa mvuke, baikabonati ya soda iliyoyeyushwa (ule unga mweupe wa kuumulia keki), sabuni ya kipande iliyoyeyushwa. Glasi zinazofanana, matone sawa, karatasi nyeupe chini, mwanga wa mchana. Kisha weka kitu chako katikati yao utazame kinakaa karibu na nani.

Utakachoona ni hiki: siki na limau hutoa waridi hadi nyekundu, pH 2 hadi 3 hivi; maji huwa zambarau au urujuani; baikabonati, kama 8, ni bluu; sabuni ya kipande, 9 hadi 10, huelekea bluu-kijani; amonia ni kijani. Ukiona njano umefika kwenye besi kali, na hapo rangi yenyewe inavunjika. Ukichelewa, hata ukitia siki haurudi wekundu ule wa mwanzo. Usijaribu kuongeza ngazi kwa kuzimua siki mara 10 ukitarajia pH ipande hatua nzima. Nilijaribu, nikabaki nakodolea macho glasi mbili zinazofanana. Siki ni asidi dhaifu, hupanda nusu hatua tu.

Shahidi wa pili wa asidi na besi, baada ya kabichi, ni manjano, kile kiungo cha bizari ya njano. Maji hayaitoi rangi vizuri, kwa hiyo iloweke kwenye spiriti, chovya karatasi, anika. Haitofautishi siki na maji, zote njano tu, lakini kuanzia karibu 8 huwa nyekundu ya kahawia. (Kama umewahi kufua doa la manjano kwa sabuni likawa kama damu, ndiyo hiyo.) Naipenda kwa sabuni. Sabuni ya kipande huigeuza mara moja, ilhali shampuu niliyonayo haiigusi kabisa, kwa sababu shampuu nyingi si sabuni halisi.

Jambo moja silitanii. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe itageuza kabichi kijani kidogo, kisha rangi itapotea kabisa. Hiyo si pH, ni rangi inaunguzwa. Usitie siki wala limau uone kama itarudi: itatoka gesi ya klorini. Usiichanganye na amonia pia, mvuke wake nao ni sumu. Mimi dawa hiyo siiweki kabisa mezani.

Maji ya kabichi yaliyobaki yaweke kwenye friji, siku tatu nne yataanza kunuka. Yakianza kuchacha hujigeuza yenyewe kuelekea wekundu, kwani bakteria wanatengeneza asidi, na kipimo chako kitakudanganya. Mimi huyagandisha kwenye vitrei vya barafu, kipande kimoja kwa jaribio moja.