Filamu ya Hali Halisi Kuhusu Jamii za Queens

Ndugu, umeuliza kama filamu yako ya hali halisi kuhusu jamii za Queens, jijini New York, inahitaji msimulizi. Kwa maoni yangu haihitaji. Tazama kwanza In Jackson Heights ya Frederick Wiseman (2015), filamu ya hali halisi kuhusu mtaa mmoja wa Queens, ambayo kwa zaidi ya saa 3 haina msimulizi wala mahojiano, bali inakuketisha mikutanoni na katika darasa la madereva watarajiwa wa teksi, huku wenye maduka madogo wakihofia kupandishiwa kodi ya pango. Usigawe dakika sawasawa kwa kila jamii. Chagua mahali wanapokutana, kama chini ya reli ya treni inayopita juu ya barabara ya Roosevelt Avenue, uwaache wazungumze lugha zao, kisha uweke manukuu, yaani tafsiri ya maandishi chini ya picha. Wasio na vibali vya kuishi waombe ridhaa kabla ya kuwasha kamera, kwani sura zao zinaweza kuwaponza.