Jibu: nusukipenyo cha Bohr ndani ya mnyororo wa Gunter

Ndugu, umeuliza nusukipenyo cha Bohr (kipimo cha ukubwa wa atomu ya hidrojeni) kinaingia mara ngapi kwenye mnyororo mmoja wa wapima ardhi wa zamani, na kwa nini vikokotoo viwili vimekupa majibu yanayoachana kwenye tarakimu ya sita. Vyote viwili viko sahihi. Kinachotofautiana ni futi.

Pitia kwenye mita kila mara. Mnyororo alioubuni mwanahisabati Mwingereza Edmund Gunter mwaka 1620 una futi 66, yaani pete 100. Kwa futi ya kimataifa (mita 0.3048 kamili) ni mita 20.1168. Gawanya kwa nusukipenyo cha Bohr, mita 5.291772 × 10⁻¹¹, unapata 3.80152 × 10¹¹. Lakini Marekani walikuwa pia na futi ya upimaji, mita 1200/3937, waliyoiacha rasmi mwishoni mwa 2022. Hiyo inakupa 3.80153 × 10¹¹.

Pengo hilo kwenye mnyororo ni maikromita 40 hivi. Mpimaji aliyekuwa akivuta chuma shambani asingeliona kamwe, chuma chenyewe hurefuka zaidi ya hapo kwa joto la jua tu. Ila kwa kipimo cha atomu, ni nusukipenyo cha Bohr mara 760,000! Hapo ndipo ninapoipenda hesabu hii.



Ukinakili kutoka ramani za zamani za Marekani, andika pembeni futi ipi umetumia.