Mahojiano: tofauti ya "je" ya mwanzoni na "je" ya mwishoni

Mleta mada anasema ana miezi mitatu kwenye uandishi wa habari, na kila akimhoji mtu anaambulia "ndiyo", "hapana" na "kama nilivyokwisha kusema". Anaomba orodha ya maswali mazuri. Mkuu, orodha sina. Nilikuwa nayo zamani, na ndiyo iliyoniponza.

Mahojiano yangu ya kwanza ya maana yalikuwa na dereva wa treni aliyestaafu. Nilikwenda na maswali 22, nimeyapanga kama mtihani wa mwisho wa mwaka. Mzee anaongea, mimi naitikia "sawa, sawa", macho kwenye karatasi. Nikatoka pale najiona bingwa. Usiku nimejifungia chumbani nasikiliza rekodi na kuandika mazungumzo neno kwa neno, mara namsikia mzee anasema: "Tangu siku ile sijapanda treni tena, hata kama abiria." Kimya kidogo. Kisha sauti yangu, changamfu kabisa: "Sawa. Na mafunzo ya udereva yalichukua muda gani?"

Nilirudisha nyuma mara nne. Dereva wa treni hapandi treni, na mimi namuuliza habari za mafunzo! Siku ile ni siku gani? Wiki iliyofuata nikarudi kwake nikiwa na swali hilo moja tu. Akanitazama, akasema, "Hayo tuyaache, kijana." Mpaka leo sijui.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: rekodi zako ziandike mwenyewe neno kwa neno, angalau kumi za mwanzo. Usimpe mtu, usiipe programu ya kompyuta. Inachosha na inaaibisha, na ndiyo shule yenyewe. Hesabu mara ulizomkata mwenzako, mara ulizouliza mambo mawili kwa pumzi moja, na mara ulizomtafunia jibu ukamwachia kumeza tu.

Halafu angalia "je" zako zimekaa wapi. Swali linaloanza na "je" huzaa ndiyo au hapana: "Je, uliogopa?" Swali lenye "je" mkiani huzaa hadithi: ilikuwaje, ulijuaje, ulifanyaje. Kuna Mkanada, John Sawatsky, aliyetoka kwenye habari za uchunguzi akawa mwalimu wa mahojiano, hata kituo cha televisheni cha michezo cha ESPN kikamwajiri kuwafundisha watu wake. Msisitizo wake ni huohuo: swali liwe fupi, liwe moja, lisibebe maoni yako. Ukimuuliza mtu "Je, uliumia sana kufukuzwa, na huoni kwamba bosi alikuonea?" umeshajijibu mwenyewe. Muulize tu, "Siku hiyo ilikuwaje?"

Ukishauliza, nyamaza. Hapa ndipo wengi tunapofeli, maana kimya cha sekunde tano mbele ya mtu usiyemjua kinawasha kama upupu. Robert Caro, mwandishi wa wasifu wa Rais Lyndon Johnson wa Marekani, hujiandikia herufi "SU" kwenye daftari wakati wa mahojiano, kifupi cha "shut up", yaani anajiamuru afunge mdomo. Mimi naandika "N", ya nyamaza. Kuna kurasa zina N nyingi kuliko maneno ya mhojiwa.

Kwa wanasiasa mambo ni tofauti kidogo, na hapo "je" ya mwanzoni ina kazi yake. Mwaka 1997 Jeremy Paxman wa BBC alimuuliza Michael Howard, aliyekuwa ametoka kwenye uwaziri wa mambo ya ndani wa Uingereza, kama aliwahi kutishia kutengua uamuzi wa mkuu wa magereza. Lilikuwa swali la ndiyo au hapana, akalirudia zaidi ya mara kumi. Howard alizunguka weee, na huko kuzunguka ndiko kulikokuwa habari. Lakini usimfanyie hivyo mama aliyefiwa. Huyo hakwepi, anatafuta maneno.

Mengine haraka haraka. Makubaliano ya kipi kinukuliwe na kipi kisinukuliwe yafanyike kabla ya mtu kusema, si baada. Kinasa sauti kiwepo, daftari liwepo pia, maana betri haina huruma. Mwishoni uliza, "Kuna jambo nilipaswa kukuuliza nikasahau?" na usizime haraka, ila mwambie bado unarekodi. Watu husema ya moyoni wakishasimama kuaga.

Na kuhusu lile ulilouliza mwishoni, la mhojiwa anayetaka kutumiwa maswali mapema: mimi hutuma mada, maswali situmi. Aliyetumiwa maswali atakusomea majibu, tena wakati mwingine yaliyoandikwa na mtu mwingine.